Mkono wa Sally Ubaoni

Nakuru, Jumatatu, 20 Mei 1957

Likizo nzima kule Longonot kwa Mama nilikuwa na sauti moja masikioni: chaki ya Sally ikigonga ubao wa darasa langu kabla ya mapambazuko. Haandiki kwa kuteleza kama walimu wengine. Hugonga, herufi moja baada ya nyingine, na akifika mwisho wa mstari huiburuta chaki kidogo kama mtu anayepangusa miguu mlangoni. Mama alidhani treni zinaniamsha. Kumbe nilikuwa nikilala vizuri, nikiisikia.

Leo muhula umeanza na nimeisikia yenyewe, kupitia ukuta wa mabanzi unaotenga chumba chetu na Darasa la Tatu. Mimi nilikuwa nimeketi kitandani, mikono imo ndani ya karai la maji moto.

Niandike wazi, kwa kuwa daftari hili halina wa kulisoma. Mwaka wa tatu sasa viungo vinaniuma. Vilianza tukiwa chuo cha ualimu, mimi na Sally Chepkemei. Asubuhi vidole vyangu hujikunja kama vya kuku aliyechinjwa, na magoti hayataki kunyooka. Ikifika saa sita mchana hulegea, na ndiyo maana naandika haya saa kumi jioni. Lakini ubao hauwezi kungoja saa sita. Basi kwa miaka miwili Sally ameamka saa kumi na moja alfajiri akauandika ubao wangu, kisha akaenda kuandika wake wa Darasa la Kwanza. Mimi huingia na fimbo ya kuelekezea, nikafundisha. Mwalimu mkuu, Bwana Waithaka, huwaonyesha wageni mwandiko wangu.

Mwezi wa Agosti mkaguzi anakuja. Muda wangu wa majaribio utakwisha, na akiridhika nitapata cheti cha kudumu. Husemwa kwamba mwalimu asiye na afya hathibitishwi. Hakuna ajuaye ila Sally.

Jumatano, 29 Mei

Mvua. Magoti.

Jumamosi, 8 Juni

Niliomba pasi ya kwenda kumwona Mama siku mbili, maana siku hizi hatusafiri bila kibali cha serikali. Imekataliwa. Karani wa pasi alisema nilikuwa huko mwezi jana, kwani nimesahau nini.

Alhamisi, 13 Juni

Wakati wa uji Bwana Waithaka alitusomea gazeti. Kuna homa mpya imetoka Asia, imepanda meli, na sasa imeshuka Mombasa. Watu hulala siku nne au tano mwili mzima ukiuma.

Mama Wangeci, mpishi wetu wa uji, alikuwa akisikiliza huku anakoroga. "Imetoka wapi, Bwana?"

"Hong Kong."

"Na imefika Mombasa bila kuulizwa pasi? Mimi nikienda Naivasha kwa dada yangu nasimamishwa mara tatu."

Tulicheka hadi Bwana Waithaka akakunja gazeti. Sally alicheka mpaka akaegemea bega langu, lile linaloniuma, akakumbuka, akaliachilia upesi. Ni yeye peke yake anayejua ni bega lipi.

Jumatatu, 24 Juni

Watoto kumi na tisa hawakuja. Waliokuja wanakohoa kwa zamu kama vyura.

Ijumaa, 28 Juni

Leo nilikwenda dispensari kuchukua aspirini zangu za mwezi. Foleni ilizunguka jengo. Nilisimama tangu saa saba hadi saa tisa, na kusimama kwangu si kama kwa wengine, lakini sikusema neno.

Dresa, yaani mhudumu anayetoa dawa, ni Kipketer, mtu mpole, ananijua. Alinigusa paji la uso.

"Una homa?"

"Sina. Ni viungo, kama kila mwezi. Kadi yangu ni hii."

"Kadi naiona, Mwalimu. Lakini agizo limekuja. Aspirini ni ya wenye homa."

Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu, mtoto mgongoni, akasema, "Dada, kama huna homa tupishe. Hatukuja kutembea hapa."

Nikamwambia Kipketer kwa sauti ya chini kwamba maumivu yangu ni ya miaka mitatu.

"Basi wewe umeyazoea," akasema. "Hawa wameanza jana."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka, macho mekundu, na nyuma yangu kulikuwa na watu mia. Lakini nimerudi na neno hilo njia nzima. Mimi sijazoea. Nimenyamaza tu, na watu wakiona umenyamaza hudhani kuna kitu kimeisha.

Ninazo aspirini kumi na mbili kwenye mkebe. Nimeziweka kwa ajili ya wiki ya mkaguzi.

Jumanne, 2 Julai

Baridi kali. Shule nusu iko kitandani. Bwana Waithaka alipita akishika ukuta.

"Mwalimu Wamuyu, ugonjwa gani huu? Hata kucha zinauma. Hata kushika kalamu siwezi."

Nikamwambia pole. Nitakiri jambo baya: nilifurahi. Kwa wiki hii moja kila mtu anaamka kama mimi. Wanapapasa kitanda wakitafuta namna ya kuinuka. Wanaitazama ngazi ya mlango kama kilima. Na wote wanaonewa huruma, wanaletewa chai, wanaambiwa walale. Hakuna anayewauliza wametenda nini.

Alhamisi, 4 Julai

Sally ameugua. Ubao wangu leo ulikuwa mtupu. Watoto walikuwa kumi na mmoja, nikawafundisha kwa mdomo na hadithi.

Jumatatu, 8 Julai

Siku nne sijaandika. Homa ya Sally haishuki. Wengine siku ya tatu huanza kuketi, yeye kifua kimeziba na anapumua kama msumeno. Kipketer alikuja Jumamosi, akamsikiliza mgongo, akasema nimnyweshe maji sana na nimpe aspirini, lakini zake mwenyewe zimekwisha hadi gari lije kutoka Nairobi.

Nikatoa mkebe. Sikufikiri. Mbili asubuhi, mbili jioni. Kumi na mbili zimekwisha leo.

Nikamgeuza, nikambadilishia shuka, nikachota maji. Kukamua kitambaa ndiko kugumu kuliko yote, basi nikawa nakikanyaga kwa mguu ndani ya karai. Mama Wangeci alinikuta hivyo. "Unacheza ngoma gani, Mwalimu?" Lakini hakuuliza zaidi, akakichukua akakikamua.

Leo mchana Sally alifungua macho akasema, "Wamuyu, nikifa leo nakufa na mizigo."

"Hufi. Kunywa."

"Nimemwahidi Bwana. Nikipona nitatengeneza kila kitu. Kila kitu."

Nikamwambia atatengeneza akipona. Nikamfuta uso.

Ijumaa, 12 Julai

Homa imeshuka. Amekunywa uji kikombe kizima na amelalamika hauna sukari. Nimelia nje, nyuma ya choo, kwa furaha.

Jumatano, 17 Julai

Shule imejaa tena. Walimu wote wamepona na wanasimuliana homa zao kama watu waliorudi vitani. Mimi mikono imevimba. Bila aspirini karai halitoshi.

Sally anasema bado hana nguvu za kuamka alfajiri. Ni haki yake. Niliandika tarehe tu, na hata hiyo watoto waliiangalia wakiinamisha vichwa upande.

Jumamosi, 20 Julai

Jioni nilimsuka Sally nywele. Homa imezikata. Mistari minne, kisha vidole vikagoma. Alikuwa ameketi kati ya magoti yangu, kimya kuliko kawaida yake. Akasema, "Inatosha, dada. Umenitendea mengi."

Jumapili, 21 Julai

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Ushirika wa waliookoka hukutana Jumapili saa tisa katika Darasa la Nne. Madawati husogezwa ukutani. Mwenye jambo husimama, akaliweka nuruni mbele ya wote, kisha huimbiwa na kukumbatiwa, na jambo hilo limekwisha. Anayeongoza ni Bwana Waithaka. Sisi walimu hutarajiwa kuhudhuria. Mimi huketi nyuma na sijawahi kusimama, si kwa kukosa imani, bali kwa sababu nilichonacho si dhambi.

Sally alisimama, kitambaa kichwani juu ya mistari yangu minne.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Wapendwa, homa ilinifikisha mlangoni. Nikaona nina mizigo mitatu." Wa kwanza ulikuwa foronya ya chuo aliyoondoka nayo. Watu walicheka kwa upole. Wa pili, kwamba alimwonea wivu mke wa Bwana Waithaka kwa sababu ya sweta ya kijani. Mke wa Bwana Waithaka akapiga makofi, akasema, "Nitakupa hiyo sweta, mama, inanibana." Watu wakacheka zaidi. Hata mimi nilikuwa natabasamu.

"Wa tatu ni mkono wangu. Kwa miaka miwili umedanganya. Nimeandika ubao wa Darasa la Tatu kila alfajiri, ili mwalimu mkuu na mkaguzi wadhani ni mwandiko wa mwingine. Nimeidanganya serikali. Leo nauweka mkono huu chini ya msalaba."

Hakunitaja jina. Darasa la Tatu lina mwalimu mmoja.

Waliimba. Wakamkumbatia mmoja mmoja, wanawake wakilia, naye akilia, uso unang'aa. Uso huo nimeufuta kwa siku nane.

Wimbo ukaisha. Bwana Waithaka akageuka polepole hadi akanipata. "Dada Wamuyu, nuru ikimwakia mmoja humfikia na jirani yake."

Watu wote wakanitazama, wakingoja. Si kwa chuki, na hilo ndilo lililonishinda. Mikono yao ilikuwa tayari kunikumbatia. Nilitaka kusimama, si kutubu, nilitaka kutoka nje. Lakini nilikuwa nimeketi saa nzima kwenye dawati la mtoto na magoti yalikuwa yamekaza. Nilisukuma, hayakunyanyuka. Nikabaki pale, nimeshika ubao wa dawati.

"Moyo mgumu," akasema Mzee Mburu wa duka la ngozi, kwa huzuni, kama mtu anayetaja ugonjwa.

Tulipokuwa chumbani nikamwambia Sally, "Ulijua wataniangalia."

"Sikutaja dhambi yako. Nilitaja yangu."

"Yako ilikuwa na kazi yangu ndani yake."

"Dada, wewe nawe ukisema utakuwa huru. Huoni nilivyo mwepesi?"

Namwona. Ameimba akikunja nguo. Amelala kabla ya jua kuzama.

Jumatatu, 22 Julai

Nilifundisha kwa mdomo. Hakuna aliyenisalimu vibaya. Wamenisalimu kwa upole, kama mtu mwenye msiba.

Jumatano, 24 Julai

Mama Wangeci alinishika mkono jikoni.

"Mwalimu, usinitaje. Jumamosi Sally alikuwa nyumbani kwa mwalimu mkuu tangu uji wa saa nne mpaka nikamaliza kuosha sufuria. Waliniagiza chai mara mbili. Wakasali, akawaambia yote, nao wakamwambia ayalete ushirikani."

"Kwa hiyo Jumapili walijua?"

"Wakubwa wote walijua. Ni wewe tu uliyekuja na Biblia bila habari."

Jumamosi. Basi alipoketi kati ya magoti yangu alikuwa ametoka huko, chai mbili tumboni. Aliniacha nimsuke. Kila nilipovuta uzi vidole viliuma mpaka kiwiko, naye alijua vinauma, na alijua siku ya pili atafanya nini na kichwa hicho.

Nilidhani homa ndiyo iliyosema Jumapili, kwamba aliogopa mauti na maneno yakamtoka. Hayakumtoka. Yalipangwa mezani, na mimi nikapangiwa nafasi yangu.

Ijumaa, 26 Julai

Bwana Waithaka aliniita ofisini. Alinipa kiti chenye mto.

"Mwalimu, sikuchukii. Wewe ni mwalimu mzuri, watoto wako wanasoma. Lakini umenifanya nionyeshe wageni uongo."

Nikasema ni kweli, na kwa hilo naomba radhi. Nilidhani hapo ndipo mwisho.

"Kuna njia," akasema. "Maumivu haya ya bila jeraha, bila homa, mara nyingi yana mzizi rohoni. Siulizi mzizi gani. Jumapili ya wiki ijayo, tarehe nne, simama ushuhudie kwamba Bwana amekuponya. Mkaguzi anakuja Alhamisi tarehe nane. Mtu aliyepona hana ugonjwa wa kuripotiwa."

"Na kama sijapona?"

"Imani ni kusema kabla ya kuona."

"Na ubao, Bwana? Alhamisi nitauandika kwa imani?"

"Bwana akiponya mkono haponyi nusu."

"Nisiposimama?"

Akafungua saraka akanionyesha bahasha, imeshaandikwa anwani ya Afisa Elimu. Havikuwa vitisho. Machoni alikuwa anasikitika. Anaamini kabisa kwamba ananisaidia, na kwamba kama Alhamisi vidole vyangu vitakuwa vimejikunja, basi nimeficha jambo lingine.

Nikaaga. Nimerudi nikitembea kando ya ukuta, kama yeye alipokuwa mgonjwa. Yeye siku tano zilimtosha kusahau.

Jumapili, 28 Julai

Sikwenda ushirikani. Nilisema magoti. Mke wa Bwana Waithaka alileta mayai mawili na sala.

Jumanne, 30 Julai

Kipketer amepata aspirini. Amenipa ishirini bila kunigusa paji la uso. "Samahani kwa siku ile," akasema, akaita anayefuata.

Alhamisi, 1 Agosti

Nimejaribu kujisemea kila asubuhi, mbele ya karai: Nimepona. Ni neno fupi. Cheti ni cha maisha. Nikishalisema watanikumbatia, nitakuwa mmoja wao, na Darasa la Tatu litabaki langu. Nawapenda watoto hawa. Chepchirchir aliyekuwa hawezi kusoma mstari mmoja mwezi wa Mei, juzi amesoma ukurasa. Kwa ajili ya hilo mtu anaweza kusema neno moja fupi.

Jioni Sally aliketi kitandani kwangu, mara ya kwanza tangu siku ile. Amevaa sweta ya kijani.

"Dada, sema tu."

"Niseme nimepona?"

"Sema. Wiki ya mkaguzi mimi nitaamka mapema kama zamani. Akija atakuta ubao umejaa, atafurahi, atakwenda zake."

Nilidhani sikusikia. "Na ungamo lako?"

"Lile la nyuma lilikwisha."

"Na hili jipya?"

Akafikiri. "Nitaliungama baadaye."

Hakuwa anafanya mzaha. Sally hana hila, na kama angekuwa nazo ningejua pa kuweka hasira yangu. Alinishika mkono, akaubana kwa upendo, akaubana mno, wala hakuona nilivyouma meno.

Miaka miwili niliamini kwamba alikuwa ananisaidia kubeba maumivu. Alibeba siri. Siri ilimwelemea, akaitua, na sasa amepumzika yuko tayari kuichukua tena kidogo. Maumivu hakuwahi kuyagusa. Yalikuwa yangu peke yangu wakati wote, hata zile asubuhi nilizolala nikimsikiliza nikidhani tuko wawili.

Jumamosi, 3 Agosti

Nimefanya hivi.

Leo niliamka saa kumi na moja, sikuwasha jiko, sikuloweka mikono. Nilishika kalamu kwa ngumi nzima na kumwandikia Afisa Elimu. Nusu ukurasa umenichukua karibu saa mbili. Ningeweza kungoja mchana nikaandika vizuri. Nilitaka auone mwandiko wangu wa asubuhi, ule ambao mkaguzi angeukuta Alhamisi.

Niliandika kwamba nina ugonjwa wa viungo kwa miaka mitatu. Kwamba mwandiko wa ubaoni haukuwa wangu, na kwamba nilikubali udhaniwe wangu. Sikumtaja aliyeuandika. Kwamba kati ya watoto arobaini na wanane, arobaini na watatu sasa wanasoma, na akitaka aje awasikilize. Nimeomba nipimwe na daktari wa serikali, na kama itawezekana nipewe darasa la mchana.

Sally aliamka nikiwa mstari wa mwisho.

"Unamwandikia nani?"

Nikamwambia.

Akaja na blanketi mabegani, akatazama karatasi juu ya bega langu. "Kwa mwandiko huo? Watakufukuza, Wamuyu."

"Huenda."

"Basi nipe nikunakilie vizuri, usiaibike." Alikuwa tayari amenyoosha mkono.

Nikaikunja.

Nilipita kwanza kwa Bwana Waithaka. Alikuwa uani akinyoa ndevu mbele ya kioo kidogo kilichotundikwa ukutani. Nikamwambia kwamba sijapona na kesho sitasema nimepona, na kwamba barua yangu kwa Afisa Elimu inakwenda leo, yake aweza kuituma akipenda. Alisimama na povu shavuni. Akasema, "Mwalimu, umefunga mlango." Nikamwambia ndiyo, Bwana, na magoti yakanichukua polepole hadi barabarani.

Ofisi za serikali hufungwa saa sita Jumamosi. Nilifika saa nne na nusu. Karani alifungua barua, kwa kuwa bahasha sikuwa nayo, akaigeuza juu chini.

"Nani alikuandikia hii? Mtoto?"

"Ni mimi."

Alinitazama mikono. Akagonga muhuri wa tarehe, akaiweka kwenye trei ya Afisa, juu ya barua nyingine.